Safari ya Mama Brandon

Wazo la kwenda kaskazini halikuwa la Khairiya, ingawa baadaye alilifanya lake, kama alivyozoea kufanya kwa kila kizuri kilichopita karibu naye. Wazo lilizaliwa Mansfield, Marekani, sebuleni kwa Prudensia, siku ya arobaini ya mwanawe.

Mwana huyo aliitwa Brandon. Jumamosi moja ya joto alikwenda ziwani na wenzake. Wenzake walirudi, yeye akarudishwa. Prudensia, mwanamke wa Bukoba aliyefanya kazi ya kutunza wazee, hakuwa na mume wala mtoto mwingine. Watu walijaa kwake, Wakristo kwa Waislamu, wakapika, wakaimba, wakasoma dua, kila mmoja na alichonacho. Halafu, kama ilivyo misiba ya ughaibuni, watu wakakumbuka zamu zao za kazini, na nyumba ikapwaya.

Jioni hiyo ya arobaini walibaki wanawake wanne. Alikuwapo Prudensia mwenyewe. Alikuwapo Khairiya, Mzanzibari wa Houston, mke wa Ubeid mwenye malori, mwanamke wa sauti nzito na mkono mwepesi wa kutoa. Alikuwapo Truphosa, muuguzi mzaliwa wa Kakamega, naye wa Houston, mcheshi asiyeweza kukaa na simu bila kuigusa. Na alikuwapo Amna, mtu wa Mombasa aliyeishi Arlington, dereva wa basi la kliniki. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu na kuwarudisha majumbani.

Prudensia aliwaambia kwamba Brandon alikuwa amemwahidi safari. "Alisema atanipeleka Montana, mpaka kwenye milima ambayo theluji haitoki hata mwezi wa saba. Alisema, 'Mama, wewe theluji unayoijua ni ile ya kukuchelewesha kazini. Nitakuonyesha iliyotulia.'" Akajipangusa macho. "Sasa nani atanionyesha?"

Khairiya akamshika mikono yote miwili. "Tutakuonyesha sisi. Ubeid ana ile RV yake inaota kutu uani. Ina vitanda, ina jiko, ina choo, nyumba kamili juu ya magurudumu. Kiangazi kijacho, inshallah, sote wanne. Amna ataendesha."

Prudensia alilia tena, lakini mara hii kwa namna nyingine. Wote waliona.

Kati ya wale wageni watatu, Amna ndiye aliyekuwa na deni zaidi kwa Prudensia. Alipoletwa Marekani na mume aitwaye Munir, ndoa haikumaliza mwaka. Munir alimshusha mbele ya duka la kufulia nguo, katika mji wa DeSoto, na begi moja, akaondoa gari. Amna alikaa pale tangu asubuhi mpaka mashine zote zikanyamaza. Prudensia alikuja kufua, akamsikia akizungumza na simu kwa Kiswahili na kulia kwa Kiswahili, akamchukua kwake. Brandon, mtoto mdogo wakati huo, alihamia kwenye kochi ili mgeni apate kitanda. Prudensia huyohuyo ndiye aliyemfundisha Amna kuendesha gari, Jumapili baada ya misa, katika uwanja mtupu wa kanisa, akimwambia, "Mdogo wangu, usiangalie usukani. Angalia unakokwenda."

Kwa hiyo Amna alimwita dada, na hakuwa na dada mwingine bara lote lile.

Lakini huzuni ya mtu, hata ukimpenda, huchosha masikio. Prudensia alikuwa akimpigia simu Amna kila siku. Alianza na habari za kazi, akaingia kwenye bei ya ndizi, na kabla simu haijapata joto sikioni alikuwa amefika ziwani. Maji yalikuwa ya kina gani? Nani alimwona mwisho? Kwa nini hawakumpigia mapema? Amna alisikiliza mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano. Siku moja ya majira ya machipuko, alipokuwa akizungumza na Khairiya, likamponyoka: "Wallahi, siku nyingine nikiona jina lake kwenye simu, naigeuza uso chini." Khairiya alicheka tu. Lakini Khairiya hakuwa mtu wa kupoteza neno alilookota.

Julai ikafika. RV ilikuwa Houston, kwa hiyo Amna alipanda basi akaenda kulala huko, ili asubuhi waanze yeye, Khairiya na Truphosa, wapande kaskazini, wampitie Prudensia Mansfield, kisha safari yenyewe ianze. Jioni, wakati wa magharibi, Prudensia alipiga simu, sauti yake nyepesi kama ya msichana anayengojea kupelekwa harusini.

"Nimepika ndizi na nyama, nimezigandisha. Nimechoma kuku. Na senene, jamani! Kuna mtu ameniletea senene kutoka nyumbani, nimewakaanga wakakauka vizuri, tutatafuna njia nzima."

"Sawa, dada," alisema Amna.

Khairiya, aliyekuwa amesikia yote, alikunja pua simu ilipokatwa. "Wadudu hawaingii garini mwangu," alisema. Wakacheka, na Amna naye akacheka.

Asubuhi waliondoka vizuri. Lile gari lilikuwa refu, jeupe, na mchirizi wa kahawia ubavuni, na Amna alilishika usukani kama aliyezaliwa nalo. Houston ilibaki nyuma na madaraja yake yaliyopandana, misonobari ikaanza kusimama pande zote za barabara. Truphosa aliketi mbele karibu na dereva, akaunganisha simu yake na spika za gari, akaweka muziki. Khairiya alijinyoosha nyuma kwenye kiti cha meza, miguu juu, chupa ya kahawa mkononi. Ilikuwa raha, hilo halina ubishi. Amna alijisikia mwepesi kama mtu aliyevuliwa mzigo, na hakutaka kujiuliza mzigo huo ulikuwa nani.

Walipopita Huntsville, Khairiya akasema, kama anayeuliza habari za hali ya hewa, "Hivi mmeshafikiria tutalala vipi?"

"Vitanda si vipo?" alisema Truphosa.

"Vitanda vipo. Nauliza usingizi. Yule mwenzetu halali. Na asiyelala anataka mtu wa kukesha naye." Akanywa kahawa. "Mwezi mzima, mashoga. Tutaamka na Brandon, tutakula na Brandon, tutafika mlimani, badala ya kutazama mlima tutamtazama yeye akilia."

"Aki dada Khairiya, usiseme hivyo," alisema Truphosa, lakini alipunguza muziki ili asikie vizuri.

"Nasema yaliyo mioyoni mwenu. Mimi nimefiwa na mama, nimefiwa na ndugu. Niliwahi kumsimamisha mtu njiani nimlilie? Msiba una siku zake. Ukizidi siku zake, si msiba tena, ni tabia."

Amna alikaza macho barabarani. "Safari ni yake, Bi Khairiya. Tulimwahidi."

"Ah!" Khairiya aliteremsha miguu. "Leo wewe ndiye mtetezi? Si wewe uliyeniambia ukiona jina lake unageuza simu uso chini? Si kinywa chako hicho?"

Truphosa alimgeukia Amna, macho yamemtoka, tabasamu linamchezacheza mdomoni. "Woi! Amna, ulisema hivyo?"

Damu ilimpanda Amna masikioni chini ya mtandio. Angeweza kusema, ndiyo, nilisema, na nilikosea. Maneno hayo si mengi. Lakini aliona haya ya kuumbuliwa mbele ya Truphosa, na haya hiyo ikawa kubwa kuliko haki ya mtu aliyekuwa hayupo.

Walipita Corsicana. Jua lilikuwa limeshapanda, lami mbele inametameta kama maji. Khairiya akachukua simu yake.

"Tutamwambia gari imezima. Tumepita wapi sasa hivi? Corsicana? Basi, imezima Corsicana. Injini imechemka, tunavutwa kurudi Houston, safari imevunjika, tutapanga nyingine. Ataumia leo, kesho atakwenda kazini. Mtu hafi kwa kukosa matembezi."

Ennis ilikuwa inakuja. Kila anayetoka Houston anapajua pale: anayekwenda Mansfield hutoka akashika mkono wa kushoto, anayekwenda Dallas hunyoosha. Bango likatokea. Amna alipunguza mwendo, na kidole chake kikaenda kwenye taa ya kuashiria kona. Hakuiwasha.

"Nyoosha," alisema Khairiya.

Njia ya kutokea ilikuwa wazi, hakuna gari mbele wala ubavuni. Amna alinyoosha.

Khairiya alirekodi ujumbe palepale, akautuma kwenye kundi lao wanne la simu, na ulikuwa ujumbe mzuri, wenye kuhema na kusikitika. "Prudensia mwenzangu, mambo yameharibika. Tuko Corsicana, gari imetufia, moshi mtupu. Hapa tunangoja kuvutwa turudi Houston. Mungu hakupenda. Pumzika, shoga, usijisumbue." Alipomaliza alivuta pumzi kama mtu aliyetua ndoo.

Majibu yalikuja walipokuwa wamebanwa na foleni ya Dallas. Truphosa aliyafungua, na kwa kuwa simu yake ilikuwa imeunganishwa na spika, sauti ya Prudensia ikajaa gari zima, mbele na nyuma.

"Msirudi Houston, jamani! Msikubali kuvutwa, watawaumiza kwa bei. Nimemwita Mutuku, yule fundi jirani yangu, ameahirisha kazi zake zote, tuko njiani na gari lake la vifaa. Kaeni kivulini. Amna, mdogo wangu, usifungue ile rejeta ikiwa ya moto, itakuunguza uso. Nakuja na maji na barafu. Nakuja!"

Truphosa akaanza kucheka. Alicheka mkono mdomoni, akajikunja, machozi yakamtoka. "Anakuja! Na fundi! Woi, dada Khairiya, anakuja na fundi!"

"Mtu anaambiwa safari imevunjika, si alale?" alisema Khairiya, naye mdomo ukamvunjika kwa kicheko.

"Tumwambie tumeshavutwa," alisema Amna. "Tumwambie sasa hivi, kabla hajafika mbali."

"Ukimjibu ataulizia gereji. Ukimtajia gereji ataifuata mpaka Houston. Simjui? Mwacheni. Atazunguka, atachoka, atarudi. Hata hewa itamchangamsha." Khairiya alinyoosha kidole. "Na wewe endesha gari."

Prudensia alipiga simu. Hawakupokea. Akapiga tena. Walitoka Dallas, wakapita vitongoji visivyokwisha vya maghala na nyumba za kufanana, wakaiacha Denton. Ujumbe wa pili ulikuja.

"Tumefika Corsicana. Mko upande gani wa barabara? Tumepita vituo vyote vya mafuta, nawauliza watu kama wameona gari jeupe na wanawake watatu wa Kiafrika. Mbona hampokei? Ni joto? Simu zimeisha chaji? Nipigieni hata mara moja niikate, nijue mko wazima."

Truphosa hakucheka sana mara hii. Wa tatu ulipokuja, pumzi ya Prudensia ilisikika kabla ya maneno, kama ya mtu anayetembea haraka juani.

"Nimeshuka, natembea huku kando ya barabara kuu. Mutuku anaendesha polepole nyuma yangu. Kuna mahali nimeona majani yameungua... Amna. Amna, nijibu wewe. Wengine wasijibu, wewe nijibu."

Amna alinyoosha mkono akazima spika. Nyuma yake Khairiya alisema, "Ndiyo hayo niliyokuwa nikiwaambia. Huyu mtu akili imemtoka." Na gari likaendelea kwenda kaskazini, kwa mwendo uleule, kwa mkono wa Amna.

Walivuka Mto Mwekundu wakaingia Oklahoma. Ng'ambo tu ya mpaka kuna kasino kubwa, mji mzima wa kamari, na uwanja wa kuegesha magari kama yao. Khairiya alitaka kula. Waliegesha kivulini, Truphosa akawapanga mbele ya gari, nyuma yao bango la kuwakaribisha wageni Oklahoma, akapiga picha. Khairiya alicheka meno yote nje. Amna alitabasamu kwa sababu aliambiwa atabasamu.

"Nimeipost," alisema Truphosa akiisogeza simu karibu na macho. "Watu wa Houston waone tumeshavuka."

Muda si mrefu simu ya Amna ikalia. Jina lilikuwa la Prudensia. Amna alisogea hadi nyuma ya gari, akapokea. Hakujua kwa nini alipokea. Labda alidhani atasema kweli.

"Amna," alisema Prudensia. Sauti ilikuwa imetulia. "Uko wapi?"

Hapo ndipo penyewe. Hakuwapo Khairiya wa kusema nyoosha, hakuwapo Truphosa wa kucheka.

"Tuko Houston, dada," alisema Amna. "Tumefika. Simu zilikuwa zimezima. Nilitaka kukupigia."

"Mmefika Houston."

"Ndiyo, dada. Tumechoka sana."

"Poleni," alisema Prudensia. "Poleni na joto la huko." Akakata.

Amna aliporudi mbele, alimkuta Truphosa amesimama na simu mkononi, uso umembadilika rangi. "Nilisahau kumzuia asiione," alisema. "Ile picha. Ameiona. Jina la Prudensia liko hapa kati ya walioitazama, ameiona kitambo, kabla hajakupigia." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Umemwambia nini?"

Amna alikaa chini, kwenye lami, mgongo kwenye gurudumu. Alikumbuka ule utulivu. Mwanamke yule alikuwa ameishika picha mkononi huku akimuuliza uko wapi. Alikuwa amemwachia mlango wazi, na Amna akaufunga mwenyewe.

"Nageuza gari," alisema.

Khairiya alishuka ngazi, kipande cha kuku mkononi. "Unageuza nini?"

"Narudi Mansfield. Twende tukamwangukie miguuni, sote."

"Gari ni ya mume wangu, haigeuzwi na mtu wa kuchukuliwa." Khairiya alitafuna, akameza. "Unafikiri tulikuleta kwa uzuri wa hadithi zako? Tulikuleta kwa sababu mimi siwezi kuendesha hiki kitu, na Truphosa hawezi, na Ubeid hana nafasi. Ukitaka kwenda kulia na mwenzio, nenda. Lakini ufunguo unauacha."

Truphosa alitazama chini. Hakusema kwamba si kweli.

Amna aliingia ndani, akatoa begi lake, akauweka ufunguo juu ya ngazi ya gari. "Basi endesheni," alisema. Akaondoka. Nyuma yake alimsikia Khairiya akimwita, kwanza kwa jina, kisha kwa matusi ya Kizanzibari ambayo mtu hayatarajii kwa mwanamke wa makamo, na mwisho kwa sauti iliyoanza kuingia woga, kwani walikuwa wamebaki wanawake wawili na nyumba isiyosogea, katikati ya uwanja wa kamari, jua linachoma.

Wale wa kasino wana mabasi ya kuwarudisha wateja wao mjini. Amna alipanda mojawapo, amejitanda mtandio wake, kati ya wazee waliopoteza pesa zao na waliokuwa wakilala midomo wazi. Mwanamke mmoja wa kizungu alimuuliza kama na yeye ameliwa. Amna alitikisa kichwa, kisha akabadilisha, akakubali.

Jua lilikuwa bado halijazama teksi ilipomshusha Mansfield. Gari la Mutuku lilikuwa nje ya nyumba. Mutuku, Mkamba mrefu mwenye ovaroli, alikuwa akimsaidia Prudensia kumwaga maji ya barafu iliyoyeyuka kwenye majani. Alipomwona Amna alisimama wima.

"Huyu ndiye dereva?" alisema. "Mama Brandon, huyu ndiye?"

"Mwache, Mutuku," alisema Prudensia. "Ni mgeni." Uso wake ulikuwa umeiva kwa jua, midomo imepasuka, na miguuni alikuwa na michubuko ya majani makavu. Alimsogezea Amna kiti cha barazani, akamletea maji kwenye glasi, juu ya kisahani, kama anavyoletewa padri.

Amna hakukaa. Alipiga magoti. "Dada, nisamehe. Khairiya alisema..."

"Sijakuuliza habari za Khairiya. Khairiya namjua." Prudensia alijipangusa mikono kwa kanga yake. "Nina maswali madogo tu. Mlipofika Ennis, ulikuwa umesinzia?"

"La, dada."

"Ulisahau njia ya kwangu?"

"La."

"Kuna aliyekushika mkono?"

Amna alilia. Prudensia alingoja, bila haraka, kwa ule uvumilivu aliokuwa nao kwa wazee wanaosahau majina yao.

"Hakuna," alisema Amna.

"Basi umekuja kuniambia nini?" Hakungoja jibu. "Mutuku, tafadhali mpeleke Arlington. Giza lisimkute njiani, hana wa kumpokea." Akaingia ndani. Amna alisikia mlango ukifungwa, taratibu, bila kubamizwa, na komeo likapita.

Walipokaribia Arlington, ndani ya gari la fundi, Mutuku akaanza kusema, macho mbele.

"Nilimwambia turudi. Jua lile lingemuua. Akakataa. Aliona mahali pameungua kando ya barabara, akateremka mpaka mtaroni kwa mikono na magoti, akitafuta vipande vya gari. Alikwenda kwa polisi wa pale akawauliza kama wameokota maiti za wanawake watatu. Nikamwambia, Mama Brandon, kaa nyumbani, watapiga simu. Unajua alinijibu nini?"

Amna alitaka asiambiwe.

"Alisema, 'Ya Brandon niliambiwa kwa simu. Nilifika wameshamfunika. Hawa nitafika kabla.'" Mutuku alisimamisha gari mbele ya jengo la akina Amna. "Halafu simu yake ikalia kidogo, akaitazama ile picha yenu. Aliitazama kwa muda. Nilifikiri atalia, na nilishazoea kumwona akilia. Hakulia. Shuka, dada."

Ubeid alipanda ndege kwenda kuwachukua mkewe na Truphosa. Khairiya na Truphosa hawakufika Montana. Walirudi Houston siku ya pili, na Khairiya alirudi na kisa. Katika kisa hicho, gari liliharibika kwelikweli, wakalirekebisha kwa taabu, na Amna, mtu waliyemwamini, aliwatelekeza kwenye kasino juani, wanawake wawili, mmoja ana shinikizo la damu. Alikieleza Houston, kikapanda Dallas chenyewe. Watu walikipenda. Kila aliyekisikia alikuwa na Amna wake wa kumtolea mfano.

Amna alijaribu kueleza ukweli, lakini ukweli wake ulikuwa na kona pale Ennis, na kila alipoifikia kona hiyo ulimi ulikuwa mzito. Akaacha.

Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na harusi Arlington. Prudensia alikuja, alikuwa amekonda, amevaa vizuri. Bibi mmoja, mpenda suluhu, alimshika mkono akamvuta mpaka mezani kwa Amna, mbele ya wote. "Mama Brandon, wewe huyu ni mtu wako. Tuambie basi, mambo yalikuwaje?"

Wanawake waliacha kula. Amna aliinua macho. Neno lolote lingemfaa, hata la kumshtaki.

Prudensia alimtazama kwa adabu. "Huyu dada?" alisema. "Samahani, mama, namjua kwa sura tu." Akasogea meza ya pili, akawasalimia waliokuwapo mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo hata walioshuku kisa cha Khairiya waliacha kushuku. Simu ya Amna ilikaa kimya. Aliendesha basi lake, akawasikiliza wagonjwa wa figo wakizungumza juu ya wajukuu wao, akarudi kwake, akala amesimama. Alimwandikia Prudensia mara nyingi. Ujumbe ulikwenda, haukusomwa.

Mwanzoni mwa kiangazi kilichofuata, Ijumaa baada ya sala, simu ililia. Amna aliikimbilia akiwa na mikono ya sabuni.

"Shoga!" Ilikuwa sauti ya Khairiya, nzito, yenye furaha, kama waliagana jana. "Bado umenuna? Ya kale yameshapita. Sikiliza, tunapanda kaskazini tena, mimi na Truphosa na mashoga wengine wawili. Ubeid amechoka na barabara, anasema tutafute dereva. Nikasema, dereva si tunaye?"

Amna alisimama jikoni, povu likimteremka viwikoni. Alimsikia Khairiya akipumua upande wa pili, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayengojea mzigo wake uletwe.

"Mnaondoka saa ngapi?" alisema Amna.